Ligi mpya ya Path of Exile kwa mwenye saa tano tu kwa wiki: tunaichezaje?

#1 Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Kila ligi mpya ya Path of Exile inapotangazwa, nyuzi za wapenzi wa gemu hujaa mipango ya watu waliochukua likizo ili wakeshe siku tatu mfululizo, na sisi wenye kazi, watoto na foleni za jioni tunabaki kusoma maajabu ya wenzetu bila kupata la kutufaa. Ninaomba uzi huu uwe wetu sisi wa kundi la pili. Mimi hucheza saa tano kwa wiki, zikizidi sana saba: Jumanne na Alhamisi watoto wakishalala, na saa mbili za alfajiri ya Jumapili kabla nyumba haijaamka. Nimecheza ligi nne kwa mtindo huo. Mbili zilinishinda, mbili nilizifurahia, na kilichozitofautisha hakikuwa ustadi wa vidole.

Kwa wageni niseme kidogo. Path of Exile, gemu ya kompyuta ya kuua mazimwi na kuokota vifaa, hutengenezwa na kampuni ya Grinding Gear Games ya New Zealand, ilitoka rasmi Oktoba 2013, na kuicheza ni bure. Wanachouza ni mapambo na nafasi za ziada za ghala. Kila baada ya miezi mitatu au minne hivi hufunguliwa ligi mpya ambamo kila mtu, awe bingwa au mgeni, huanza akiwa mikono mitupu, ghala tupu na soko ambalo bado halina bei. Ligi ikifungwa, mhusika wako na mali yako huhamishiwa kwenye ulimwengu wa kudumu uitwao Standard. Ninalitaja hili mapema kwa sababu wengi huacha kabla ya kuanza wakidhani kwamba mwisho wa ligi kila walichokihangaikia kitafutwa. Hakifutwi. Kinachokwisha ni msimu, kama vile kaskazi inavyokwisha na jahazi likabaki bandarini.

Sasa tufanye hesabu ambayo mimi sikuifanya katika ligi zangu mbili za mwanzo. Ligi ya wiki 13, kwa saa tano kila wiki, ni saa 65. Hadithi ya gemu hii ina sehemu kumi, na huwezi kuziruka hata kama umeshazimaliza mara ishirini. Wazoefu wenye kasi huzimaliza kwa saa nne au tano. Mimi hunichukua saa ishirini, kwa sababu husimama kusoma maelezo ya vitu, hupotea njia katika mapango yale yale kila ligi, na wakati mwingine husinzia kwenye kiti. Kwa hiyo nikifika mwisho wa hadithi wiki nne zimekwisha, na ninabakiwa na saa 45 za kile ambacho wenzetu hukiita gemu yenyewe, yaani zile ramani za baada ya hadithi, kuanzia daraja la kwanza hadi la kumi na sita.

Ukiielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini mwongozo wa mtu anayecheza saa mia mbili kwa mwezi hautufai. Ligi yangu ya kwanza nilifuata mpangilio wa mhusika wa mpiga mishale ambaye kwenye video alikuwa akisafisha skrini nzima kwa kubofya mara moja. Sikuzingatia kwamba alikuwa amevaa upinde ambao bei yake sikuweza kuifikia hata kama ningeuza kila nilichonacho, viatu vikiwemo. Mhusika yule yule, akiwa na upinde niliouokota njiani, alikuwa akipiga kama mtu anayerusha kokwa za maembe. Nilifika wiki ya tisa, nikachoka, nikaacha. Mpangilio haukuwa mbaya; ulikuwa wa mtu mwenye muda mwingine.

Tangu hapo huwa ninajiwekea jambo moja kabla ligi haijafunguliwa: ninaandika kwenye karatasi mahali ambapo ligi yangu itaishia. Sizungumzii mahali ninapotamani kufika. Ninazungumzia mahali ambapo nikifika nitafunga kompyuta nikiwa nimeridhika, hata kama ligi ina mwezi mzima mbele yake. Ligi ya tatu niliandika: kumaliza hadithi, kupita majaribu ya Labyrinth, ile nyumba ya mitego, mara tatu, na kufika ngazi ya 85. Nilimaliza wiki ya kumi na moja, nikazima, nikaenda kulala kama mtu aliyemaliza kuvuna.

Ligi ya nne ilikuwa Settlers of Kalguur, iliyofunguliwa Ijumaa ya Julai 26, 2024, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona ligi nyingine iliyomjali mtu mwenye muda mchache kiasi kile. Ulipewa kijiji cha Kingsmarch ukijenge. Mazimwi walidondosha dhahabu, na dhahabu ile hukuweza kuiuza wala kumgawia mwenzako, bali uliwalipia mishahara wafanyakazi: wachimba madini, wakulima wa ngano, mahindi na maboga, wayeyusha chuma, mabaharia. Jambo zuri ni kwamba walifanya kazi hata ukiwa umetoka kwenye gemu, mradi dhahabu ya mshahara haijakwisha. Nilikuwa nikiweka mshahara wa kutosha Alhamisi usiku, na Jumapili alfajiri ninakuta madini yamerundikana na meli imerudi kutoka ng'ambo na mzigo wake. Ukipeleka shehena kubwa, hatari ya maharamia nayo ilikua, kwa hiyo niliigawa shehena yangu vipande vidogo kama walivyofanya wafanyabiashara wa mwambao ambao hawakupakia mali yote kwenye jahazi moja. Mke wangu alikuwa akiniuliza asubuhi kama meli imefika kabla hajaniuliza kama nimelala.

Bahati nyingine ni kwamba ligi ile haikufungwa kwa wakati wa kawaida. Watengenezaji walikuwa wameelemewa na Path of Exile 2, iliyofunguliwa kwa majaribio ya umma Desemba 6, 2024, na ligi mpya ya gemu ya kwanza haikuja hadi Juni 13, 2025. Wachezaji wa kila siku walilalamika sana, na ninawaelewa, maana walikuwa wamemaliza kila kitu kufikia Septemba. Mimi nilipata karibu miezi kumi na moja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifika ramani za daraja la kumi na sita.

Kuhusu mhusika, nilimtumia Marauder mwenye stadi ya Righteous Fire. Huyu hajipangi kulenga. Anawaka moto mwili mzima na kila anayemkaribia anaungua. Moto huo humla yeye pia, kwa hiyo ni lazima uwe na kinga ya moto na uwezo wa kurudisha uhai haraka kuliko unavyoungua. Nilipouwasha mapema mno uhai wangu ulishuka hadi ukabaki punje, moto ukazimika wenyewe, bila adui hata mmoja karibu. Ila ukishatengemaa, ni mhusika wa mtu aliyechoka: unatembea tu. Tena haumizwi sana na intaneti yetu. Ukiwa Dar na unacheza kupitia seva ya Ulaya, mawimbi hukuchelewesha zaidi ya milisekunde 150. Chagua lango la Afrika Kusini, kisha nenda kwenye mipangilio, uache namna ya kuunganisha iitwayo Lockstep, ambayo husubiri jibu la seva kwa kila hatua, uchukue Predictive, ambayo hukisia hatua na kujirekebisha baadaye. Mara chache utajiona umerudishwa nyuma hatua mbili. Hilo linavumilika kuliko kugandishwa.

Ninaomba maoni yenu. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa wenye saa chache kuliko mimi.

#2 Zamu ya Usiku, Dodoma

Mkuu, nimesoma andiko lako lote na ninakubaliana nawe kuhusu karatasi, ila kuna jambo umelipita. Umesema sana kuhusu saa, hukusema kuhusu soko.

Mimi ninafanya kazi ya zamu, na wakati mwingine siwezi kuanza ligi hadi wiki ya tatu au ya nne. Zamani nilidhani nimechelewa. Baadaye niliona kwamba ninayechelewa ndiye ninayenunua kwa bei nafuu. Wiki ya kwanza silaha ya kawaida kabisa inauzwa kwa bei ya kuruka, kwa sababu wenye haraka ni wengi na vitu ni vichache. Kufikia wiki ya nne, vitu vile vile vimejaa sokoni na wauzaji wanavitupa kwa Chaos Orb, ile sarafu ndogo ya gemu, moja moja. Kile kinachopanda ni Divine Orb, ile sarafu kubwa, ikipimwa kwa Chaos Orb. Hupanda kadiri ligi inavyozeeka. Kwa hiyo ukiokota Divine Orb mapema na huna haja nayo leo, iweke. Ukiwa na rundo la Chaos Orb, usilikalie.

Upande wa pili ni kwamba aliyechelewa huuza kwa shida. Pete ambayo wiki ya kwanza ingekulipia chakula cha wiki nzima, mwezi wa pili hakuna hata anayeiuliza. Kwa hiyo mchezaji wa nafasi, yaani mwenye muda mchache, asijione mfanyabiashara. Anunue, acheze.

Na tafadhali, usiku wa ufunguzi lala. Settlers ilifunguliwa saa tano usiku kwa saa zetu, kukawa na foleni ya kuingia. Mimi nilikuwa kazini, nikaingia Jumatatu, na sikukosa chochote.

#3 Mkazi wa Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Sisi huku tunacheza Diablo IV, nanyi watu wa Path of Exile mna kiburi kidogo, lakini nitachangia.

Hesabu ya mwanzisha uzi inaonyesha hasa kwa nini mimi nilihama. Saa ishirini za hadithi kila ligi mpya ni nyingi mno kwa mtu ambaye Ramadhani inaweza kuangukia katikati ya msimu. Diablo IV hunisumbua na hadithi mara moja tu. Baada ya hapo ninaunda mhusika mpya wa msimu na kuiruka. Oktoba 8, 2024 ngazi ya juu ilishushwa kutoka 100 hadi 60, na hiyo nilikuwa ninaifikia kwa wiki moja na nusu ya jioni fupi. Orodha ya kazi za msimu hunionyesha nifanye nini leo, kwa hiyo sihitaji karatasi yako. Ubaya wake nitausema pia: gemu hii hununuliwa, na ukishamaliza orodha ile unabaki ukirudia jambo lile lile ukisubiri namba iongezeke.

Kuhusu intaneti, nina kisa. Msimu wa nne, ule wa kurekebisha mfumo wa vitu vinavyodondoka, ulifunguliwa Mei 14, 2024. Siku mbili kabla yake, Jumapili ya Mei 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa kusini, na intanetini Kenya na Tanzania tukawa tunatambaa. Nilikuwa nimenunua bando la mwezi kwa ajili ya msimu ule. Nilishinda Jumanne usiku nikitazama alama ya kupakia ikizunguka. Nilimaliza vikombe vitatu vya chai ya tangawizi, mlango wa mji haujafunguka.

Somo nililopata si la nyaya, ni la wahusika wa Hardcore, wale ambao wakifa hawarudi. Nilikuwa na mmoja niliyemlea wiki tano. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya bosi, na niliporudi nikamkuta kwenye orodha ya marehemu. Mtu wa nafasi, anayeishi kwa bando na umeme wa kukatika, asiguse Hardcore.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kisauni, pole kwa marehemu.

Kuhusu kuruka hadithi, ninakubali kwamba hapo mmetushinda. Ila mimi nina udhaifu wangu: ninazipenda zile sehemu kumi. Mtu mwenye saa mbili usiku, akili imechoka, anahitaji mahali ambapo haulizwi maswali magumu, na hadithi hunipa hilo. Ramani ndizo zinazodai akili. Ndiyo maana sizihesabu saa zile ishirini kuwa ushuru. Wengine wanaziona hivyo, na wana haki.

Zamu ya Usiku, ulichosema kuhusu kununua ukiwa umechelewa ni kweli tupu, na ningeongeza kwamba soko lenyewe limekuwa rahisi kwa watu wetu. Mtu aliyecheza zamani atakumbuka adha ya kumwandikia muuzaji wa kwanza, kimya, wa pili, kimya, wa kumi anajibu kwamba yuko kwenye ramani umsubiri, na nusu saa ya usiku wako imekwenda kwa ajili ya kofia. Settlers ilituletea Faustus, anayebadilishana sarafu papo hapo bila kumtafuta mtu, na hata ligi ilipokwisha akabaki. Kisha katika ligi ya Keepers of the Flame, iliyofunguliwa Oktoba 31, 2025, wakaruhusu kununua vifaa bila muuzaji kuwapo: unalipa bei pamoja na dhahabu kidogo, unaondoka na kofia yako. Kwangu mimi hayo mawili yana thamani kuliko bosi yeyote mpya.

#5 Mama Pacha

Kaka zangu, mimi nina saa tatu kwa wiki, kwa hiyo nadhani ndiye niliyetafutwa.

Sitakwenda sokoni kabisa. Ninacheza katika hali ile ambayo huruhusiwi kununua wala kupewa, kila ulicho nacho umekiokota au umekitengeneza mwenyewe. Baba yangu alipoiona aliniuliza inaitwaje. Nikamwambia ni siasa ya kujitegemea, akacheka sana, akasema basi na yeye anaiunga mkono.

Watu huniambia kwamba hali hiyo ni ya mabingwa, na kwamba mwenye muda mchache ndiye anayehitaji soko kuliko wote. Ninaona kinyume. Nikiwa sokoni, nusu ya usiku wangu ilikwisha nikilinganisha mikanda miwili kwenye tovuti. Nikijitegemea, mkanda ulio bora ni ule uliodondoka. Kila kitu kinachoanguka kina maana, hata kile ambacho mchezaji wa soko hukipita bila kukitazama. Sifiki mbali: ligi iliyopita niliishia ramani za daraja la sita, ngazi ya 79. Lakini kila kipande nilichovaa ninakijua kilitoka wapi. Na ukichoka kujitegemea unaweza kumhamishia mhusika wako kwenye ligi ya kawaida yenye soko. Njia hiyo ipo, ila huwezi kurudi.

Ushauri wangu mmoja ni kichujio cha vitu. Bila kichujio, skrini hujaa majina hadi humwoni adui. Pakua kilicho tayari, kisha ukilegeze ili kionyeshe vitu vya kawaida zaidi, maana vichujio vingi vimetengenezwa kwa ajili ya wenye soko.

Na kwa wenye watoto wachanga: fungua mlango wa kurudi mjini kabla ya kumfuata bosi. Mtoto akilia, unaingia mlangoni, mhusika yuko salama. Nimejifunza hilo kwa kufa mara nyingi nikiwa jikoni napasha maziwa.

#6 Mswahili wa Maskati

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, mdogo wangu yuko Unguja, na gemu hii ndiyo inayotukutanisha kila Ijumaa. Hakuna aliyezungumzia kucheza wawili, nami nadhani ndipo wachezaji wa nafasi wanapogombana zaidi.

Tatizo ni kwamba mmoja huwa na muda kuliko mwingine. Ligi ya kwanza tuliyocheza pamoja, mdogo wangu alikuwa likizoni. Ijumaa ya pili nilimkuta ameshamaliza sehemu ya saba nami niko ya tatu. Alikuja kunisaidia, akaua kila kitu kabla sijainua upanga. Nikawa ninatembea nyuma yake nikiokota, kama mtu aliyealikwa karamu akakuta sahani zimeshaoshwa. Hatukugombana, ila Ijumaa iliyofuata kila mmoja alikuwa na udhuru.

Tulichofanya baadaye ni kuwa na wahusika wawili ambao hawaguswi ila tukiwa pamoja. Kila mmoja ana wa kwake wa siku za kawaida, afike nao atakapo. Wale wa Ijumaa huenda polepole mno. Ligi moja hatukumaliza hata hadithi, tuliishia sehemu ya tisa. Sikuona hasara.

#7 Mgeni wa Jukwaa

Wakuu, shikamooni wote. Hii ni ligi yangu ya kwanza. Nimemaliza hadithi jana kwa saa ishirini na sita, ngazi ya 68, mhusika ni huyo huyo wa Righteous Fire. Nilifurahi sana, lakini tangu nimeingia ramani nimekufa mara tano, na nimeona kwamba kila nikifa ninapoteza uzoefu. Kwenye hadithi nilikuwa imara. Nimefanya kosa gani? Je, nianze mhusika mwingine? Nina saa nne kwa wiki na sitaki kurudia sehemu zile kumi.

#8 Mwanzisha uzi

Marahaba, na hongera kwa kumaliza. Usianze upya.

Kufa baada ya sehemu ya kumi hukugharimu asilimia 10 ya uzoefu unaohitajika kwa ngazi hiyo. Baada ya sehemu ya tano ilikuwa asilimia 5, na kabla ya hapo hukutozwa chochote, ndiyo maana hukuona maumivu. Lakini huko kupoteza ni dalili tu. Ninachoshuku ni kinga. Ulipomuua Kitava, yule bosi wa mwishoni mwa sehemu ya tano, gemu ilikupunguzia kinga zako za moto, baridi na umeme kwa asilimia 30 bila kelele nyingi, na ulipomuua tena mwishoni mwa sehemu ya kumi ikakupunguzia nyingine 30. Jumla umepoteza 60. Kikomo cha kawaida cha kila kinga ni asilimia 75, na kwenye ramani inatakiwa uwe umekifikia kwa zote tatu. Watu wa Righteous Fire hunaswa hapa kuliko wengine, kwa sababu tunaishughulikia sana kinga ya moto na kuzisahau zile mbili.

Fungua ukurasa wa mhusika, utuandikie namba zako. Zikiwa chini, usikimbilie vazi la maajabu. Tazama kwanza pete na mkanda, maana hapo ndipo kinga hupatikana kwa bei ndogo, na kama kipande ulichovaa kina nafasi iliyo wazi, benchi la ufundi lililo maskanini pako linaweza kukiongezea kinga moja kwa sarafu chache. Ukinunua, kwenye tovuti ya biashara weka masharti mawili tu: kinga unayoikosa na uhai. Ukiongeza sharti la tatu bei itaruka.

Hadi utakapofika 75, baki daraja la kwanza na la pili, na usiingie ramani iliyoandikwa masharti usiyoyaelewa. Yasome hata kama ni marefu. Kuna moja huzuia wachezaji kurudisha uhai wao. Mhusika wetu akiingia humo na moto wake anaungua hadi uhai wake unabaki punje na moto unazimika, na pigo moja la adui linammaliza.

#9 Zamu ya Usiku

Na anywe maji. Ninamaanisha chupa zile za chini ya skrini, mkuu. Nusu ya wageni husahau kwamba zipo.

#10 Mgeni wa Jukwaa

Namba zangu ni hizi: moto 75, baridi 41, umeme 12. Na ndiyo, moja ya ramani nilizofia ilikuwa na sharti hilo la uhai, nililipita bila kulisoma.

#11 Mama Pacha

Umeme 12! Mdogo wangu, ulikuwa ukitembea na antena kichwani.

#12 Mgeni wa Jukwaa

Nimenunua pete mbili, jumla Chaos Orb tatu, na mkanda nimeuongezea kinga kwenye benchi. Sasa umeme ni 75 na baridi 69. Nimecheza ramani nne za daraja la kwanza bila kufa, ya tano nimeiacha nusu kwa sababu asubuhi nina kipindi cha kwanza darasani. Karatasi yangu nimeiandika: ngazi ya 80.